Nakala ya Tatu

Juu ya kabati langu la nguo kuna boksi la viatu ambalo mume wangu ameshatishia kulichoma mara nne. Ndani yake mna disketi 14, kaseti 9 na bahasha ya kaki yenye karatasi nyembamba zilizogeuka rangi ya chai ya maziwa. Hiyo ndiyo mali iliyobaki ya utafiti wangu wa shahada ya uzamili wa mwaka 1996, nilipowafuata wazee waliopanga herufi za risasi katika viwanda vya chapa vya Dar es Salaam. Disketi zilikaa miaka bila kufunguka, maana kompyuta zenye mdomo wa kuzipokea zilishauzwa chuma chakavu. Kaseti zinasikika kama mtu anayeongea akiwa ndani ya mtungi. Karatasi zinasomeka, hata ile niliyoimwagia mchuzi.

Nimefundisha uandishi wa habari zaidi ya miaka 25. Kila mtaala unapopitiwa upya tunaulizwa swali lile lile: tumejipangaje na teknolojia mpya? Swali zuri, na huwa tunajibu kwa jedwali. Langu naliuliza pembeni, wakati wa chai: na zile teknolojia mpya za jana, zimeondoka na nini?

Ukitaka kuelewa ninachosema, nenda maktaba ukaombe juzuu ya Mambo Leo. Hilo ni jarida la kila mwezi lililoanzishwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923. Utaletewa jalada zito linaloacha vumbi la kahawia mikononi, utafungua, utasoma. Habari za wilayani zilizoletwa na walimu na makarani, barua za wasomaji wanaogombana kuhusu mahari, mashairi. Shaaban Robert naye alichapishwa humo. Imeshapita karne moja tangu ianze, na anayetaka kuisoma hahitaji nywila wala chaja. Halafu jaribu kuisoma blogu ya Kiswahili ya mwaka 2007. Mwanafunzi wangu mmoja alijaribu kwa muda wa muhula mzima. Alikuwa na orodha ya anwani 22. Zilizofunguka zilikuwa 5, na moja kati ya hizo sasa inauza dawa za kuongeza nguvu za kiume.

Mimi ni mtu wa Muheza, na Magila iko kwetu. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walikuwa na mtambo wao wa chapa pale, na katika miaka ya 1890 walitoa gazeti lililoitwa Habari za Mwezi. Kabla ya hapo, mwaka 1888, chuo chao cha Kiungani, Zanzibar, kilikuwa kimeanza kutoa Msimulizi. Wajerumani nao walipofungua shule ya serikali Tanga waliweka humo karakana ya uchapaji, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikatoka Kiongozi, gazeti lililodumu hadi Vita Kuu ya Kwanza ilipoikumba pwani. Lililishwa habari na wahitimu wa shule hiyo waliotawanywa bara na pwani kama walimu na makarani. Watu husema mafunzo ya uandishi wa habari nchini mwetu yalianza na vyuo vya miaka ya sabini. Mimi huwa nawarudisha Tanga na Kiungani. Yule kijana aliyesimama mbele ya kasha la herufi, akiokota risasi moja moja na kuipanga kinyumenyume, alikuwa anafundishwa kazi yetu. Alianza na vidole, kalamu ikaja baadaye.

Hao ndio niliowatafuta mwaka 1996, au tuseme wajukuu wao katika fani, kwa sababu wa mwanzo walikuwa wameshazikwa. Niliyempenda kuliko wote alikuwa mzee wa Temeke, mwenye kidole gumba kilichobonyea kama kijiko. Nilimwuliza swali la kisomi kuhusu uhuru wa vyombo vya habari. Akanijibu kuhusu herufi a.

"Binti yangu," alisema, "Kiingereza kinakula e. Kiswahili kinakula a."

Maelezo yake yalikuwa hivi. Matini madogo ya gazeti yalimiminwa na Linotype, mashine inayoyeyusha risasi na kutoa mstari mzima, kwa hiyo humo herufi haziishi. Lakini vichwa vikubwa vya habari vilipangwa kwa mkono kutoka kwenye kasha, na kasha liliagizwa Ulaya, likiwa limehesabiwa kwa mahitaji ya wenyewe: e tele, a za kubana. Mhariri analeta kichwa cha maneno matano kama "Wanawake wakataa bwana shamba Handeni", na wewe unachungulia kijisanduku cha a unaona zimebaki tisa. Unarudi kwa mhariri. "Bwana, hiki hakitoshi." Anadhani unamaanisha nafasi. Unamwambia ni a. Anakasirika, kisha anakaa chini na kutafuta maneno mengine, na bwana shamba anageuka kuwa "mtumishi". Mzee alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa amehariri magazeti ya nchi hii kwa miaka mingi na jina lake halimo hata katika moja.

Nilirudi nyumbani siku hiyo nimebeba tasnifu tofauti na ile niliyoondoka nayo.

Lakini nisije nikaisifia karatasi kupita kiasi. Karatasi ina upendeleo wake. Mambo Leo ilibaki kwa sababu ilikuwa ya serikali, na serikali ina makabati. Erica Fiah, mwenye duka mzaliwa wa Uganda, alianzisha Kwetu mwaka 1937, gazeti la kwanza la Tanganyika kumilikiwa na Mwafrika. Ukitaka kulisoma lote utahangaika kuliko anayesoma la bwana mkubwa. Sauti ya TANU ndiyo mfano ninaoutumia darasani. Haikuwa gazeti la mtambo hata kidogo. Ilikatwa kwenye stensili na kuzungushwa kwa saiklostaili, wino ukipaka vidole, ikapita mkono kwa mkono na mwisho, nadhani, ikafungia karanga. Mwaka 1958 makala moja ya Nyerere katika kijarida hicho ilimpeleka mahakamani kwa kashfa dhidi ya maofisa wa serikali. Akatozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo, naye akalipa. Mwaka huo huo wahariri wawili wa gazeti la Mwafrika, Robert Makange na Kheri Rashidi Baghdelleh, walifungwa kwa uchochezi. Huwa nawaambia wanafunzi kwamba mshitaki wa mkoloni alikuwa mtunza nyaraka mzuri bila kukusudia: huwezi kumshitaki mtu bila kielelezo, na kielelezo hakifungii karanga.

Baada ya uhuru, chumba cha habari kilihitaji watu kuliko kilivyohitaji mashine. Taasisi ya Kimataifa ya Wanahabari, IPI, ilifungua kituo cha mafunzo Nairobi mwaka 1963 chini ya Tom Hopkinson, Mwingereza aliyewahi kuhariri Picture Post London na Drum Afrika Kusini, na vijana wa nchi mbalimbali za Afrika wakapita hapo. Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungua shule yake ya uandishi wa habari mwaka 1970. Hapa nchini, Nyegezi, Mwanza, taasisi ya Wamisionari wa Afrika iliyoanza mwaka 1960 ilifundisha wanahabari, na baadaye, mwaka 1998, ikazaa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino. Serikali ikaanzisha Chuo cha Uandishi wa Habari Tanzania mwaka 1975. Tangu 2003 kimo ndani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1976 zikaja sheria ya magazeti na ile iliyounda Shihata, lililokuwa shirika letu la habari. Mambo hayo yameandikwa na wengi. Mimi nataka kurudi kwenye taipureta.

Nilijifunzia taipu mwishoni mwa miaka ya themanini, katika chuo kimoja ambacho mashine zake zilikuwa na umri wa walimu. Mwalimu wetu wa taipu alikuwa mama wa Kimakonde mwenye sauti ndogo. Wiki ya tatu alikuja na kanga. Akapita meza hadi meza akitufunika mikono pamoja na mashine, ili tuandike bila kuona vidole. Mashine yangu ilikuwa na r isiyorudi, kwa hiyo kila nilipoandika "habari" nilisimama katikati ya neno kuivuta kwa ukucha. Hadi leo nikiandika neno hilo kwenye kompyuta kidole changu kinasita.

Lakini kikubwa alichotufundisha mama yule kilikuwa namna ya kupanga karatasi. Karatasi nene juu, kaboni, karatasi nyembamba, kaboni, karatasi nyembamba tena. Nakala ya kwanza ya mhariri, ya pili ya faili la chumba cha habari, ya tatu ya kwako. "Ya tatu itafifia," alisema, "ndiyo maana ugonge kwa nguvu." Hakuna aliyekuwa akifundisha somo la uhifadhi wa nyaraka. Uhifadhi ulikuwa ndani ya kitendo cha kuandika. Usingeweza kufanya kimoja ukaacha kingine. Mhariri akikata habari yako, au mkubwa akisema hukuwahi kuiandika, unayo nakala ya tatu sandukuni kwako.

Redio iliniharibu mapema. Nilipelekwa mafunzo kwa vitendo katika kituo kimoja nisichokitaja, ambako tepu zilikuwa za kuhesabu. Nilitumwa na Uher begani, kinasa sauti kizito cha Kijerumani kinachokuachia alama ya mkanda kwenye bega, nikamhoji babu aliyekuwa akiuza magazeti Mtaa wa Msimbazi tangu enzi za mkoloni. Dakika 40. Alinisimulia jinsi wasiojua kusoma walivyonunua gazeti wakamlipa mtoto wa shule senti ili awasomee. Tulirusha dakika 3. Ijumaa yake fundi akanipa tepu ile ile nikarekodi hotuba ya waziri kuhusu zao la pamba. Nilibonyeza mwenyewe, kidole hiki. Kila ninaposoma utafiti kuhusu usikilizaji wa redio na usomaji wa magazeti miaka ya hamsini, ukiwa umejaa makadirio, namkumbuka babu yule na pamba.

Miaka ya tisini mlango ukafunguliwa. Magazeti binafsi yalizuka kila kona, na mwaka 1994 runinga ikafika Bara (Wazanzibari walikuwa nayo ya rangi tangu miaka ya sabini, na hawachoki kutukumbusha). Waandishi hawakutosha, ndipo neno kanjanja likashamiri: yule mwenye kalamu na njaa, asiye na chuo, anayevizia bahasha mlangoni mwa semina. Kompyuta ziliingia kipindi hicho hicho. Mtu mmoja aliandika, akapanga kurasa, akatoa gazeti kutoka chumba kimoja. Wapanga herufi wakaondoka kimya kimya na vidole vyao vilivyobonyea. Na kaboni ikaondoka bila hata kuagwa. Nani alihitaji nakala ya tatu, wakati disketi ilikuwa inabeba kitabu kizima? Nilikuwa wa kwanza kushangilia. Mahojiano matatu ya mwanzo niliyapiga taipu, kwa mazoea, na kaboni zake. Yaliyobaki niliyaweka kwenye disketi, nikajiona mtu wa karne ijayo.

Sote tulijiona hivyo tena mwaka 2004, Ndesanjo Macha alipoanza kublogu kwa Kiswahili katika Jikomboe, na mwaka uliofuata Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha wa gazeti, alipofungua blogu yake. Mwaka 2006 likaja jukwaa la mtandaoni la JamiiForums. Mkonga wa intaneti wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, wanafunzi wangu waliacha kununua magazeti kabisa. Nilisimamia tasnifu nyingi kipindi hicho, zote zenye neno "fursa" kwenye kichwa. Hakuna aliyekuwa anahifadhi alichokuwa anakichunguza. Walibandika anwani mwishoni mwa ukurasa wakadhani wamenukuu.

Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni. Mwenye blogu alitakiwa kuomba leseni; ada zake zote, ukijumlisha, zilifika shilingi milioni 2.1. Juni mwaka huo JamiiForums ilizimwa kwa muda, na wenye blogu ndogo ndogo, wengi wao wakiandika kwa mapenzi tu, wakafunga. Mabishano kuhusu haki na wajibu yalikuwa makali, na yalistahili kuwa makali. Mimi nilihuzunishwa pia na jambo dogo zaidi. Gazeti lililoshitakiwa mwaka 1958 liliacha kielelezo mahakamani. Blogu iliyofungwa mwaka 2018 haikuacha hata ganda.

Kabla ya hapo, Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na kanuni zake zilimtaka mwandishi awe na stashahada, na wakongwe wakapewa miaka mitano waipate. Ndipo nilipoingia darasani siku moja nikamkuta, safu ya nyuma, amevaa shati lililopigwa pasi vizuri, mwanamume aliyenifundisha kazi. Alinitangulia kwenye gazeti kwa miaka sita. Ndiye aliyewahi kuichana aya yangu ya kwanza mbele ya chumba kizima na kuniambia nikamtafute marehemu, maana nilikuwa nimeandika ajali ya basi bila majina ya waliokufa. Wanafunzi wengine waliniamkia shikamoo. Nami, kabla sijajizuia, nikamwamkia yeye. Darasa likacheka. Yeye akaitikia marahaba, kisha akasimama kwa heshima kama wengine.

Alipata alama za kati katika somo la uandishi wa mtandaoni. Katika somo la mbinu za utafiti alinimaliza. Niliwaagiza walete ushahidi wa habari ya kwanza waliyowahi kuichapisha popote. Wenye miaka 21 walikuja na simu: ukurasa haupatikani, akaunti imefungwa, simu ya zamani iliibiwa Mwenge. Yeye alikuja na mfuko wa rambo. Ndani, madaftari ya miaka yote, yamefungwa kwa mpira wa baiskeli, na katikati yake nakala za tatu, zimefifia mpaka unaziinamishia dirishani kuzisoma. Ya zamani kabisa ilihusu kivuko kilichokatika kamba Pangani. Majina yote ya abiria yalikuwemo, na mojawapo lilikuwa limekatwa kwa kalamu na kuandikwa juu yake: "yu hai, nimemwona sokoni".

Muhula uliopita kijana mmoja mwenye akili aliniletea insha kuhusu Erica Fiah. Imeandikwa vizuri, haina kosa la tahajia, jambo lililonitia wasiwasi mapema. Ukurasa wa nne ulikuwa na nukuu ndefu ya tahariri ya Kwetu ya Machi 1936.

"Umeisoma wapi?"

"Mtandaoni, Mwalimu."

"Wapi mtandaoni?"

Akanionyesha simu. Alikuwa ameiuliza akili mnemba, na ilimjibu kwa adabu kubwa. Nikamwambia aiulize tena kama ina hakika. Ikaapa, ikaongeza na namba ya ukurasa. Nikamwambia aikumbushe kwamba Kwetu lilitoka mara ya kwanza Novemba 1937. Ikaomba radhi na kutupatia tarehe nyingine, nukuu ikibaki vile vile, neno kwa neno. Hata bila tarehe ningeishika. Tahariri hiyo ilisema Waafrika wanakabiliwa na "changamoto" na kuwaita wafanyabiashara "wadau". Muuza duka wa mwaka 1936 angedhani wadau ni ugonjwa.

Sikumfelisha. Nilimpa wiki mbili za kukaa na Mambo Leo na kunakili kwa mkono ukurasa mmoja kila siku, apate kusikia Kiswahili cha wakati ule kinavyopumua. Alirudi na mkono unamuuma na maswali 11, mazuri yote. La tano lilikuwa: kwa nini vichwa vya habari vya magazeti ya zamani hutumia maneno ya ajabu pale ambapo neno la kawaida lipo? Nikamwuliza kama ameshahesabu a.

Yeye ndiye aliyekuja na kifaa cha kusomea disketi, kidogo kama sahani ya chai, alichokiagiza kwa simu. Tulikaa ofisini jioni moja tukizijaribu zote 14. Mbili zilifunguka. Ya kwanza ilikuwa na orodha ya matumizi: nauli ya Temeke, soda mbili, betri. Ya pili ilikuwa sura nzima ya tasnifu, ila herufi zilikuwa zimegeuka vijisanduku, ukurasa baada ya ukurasa, na kati yake maneno yamechomoza hapa na pale kama vichwa vya watu mtoni. Mazungumzo ya mzee wa herufi a yako salama kwa sababu yalikuwa miongoni mwa yale matatu ya taipu, kwenye bahasha ya kaki. Kijana aliyapiga picha zote kwa simu, akauliza azitunze wapi. Nikamwambia kokote anakotaka, ila pia aende nyumbani akazichape upya kwenye karatasi, na kaboni.

"Kaboni ndiyo nini, Mwalimu?"

Nilimpeleka kwa mama lishe wa getini, anayetuletea chakula siku za vikao na kudaiwa risiti na mhasibu. Alikuwa anaandika moja wakati huo huo: wali maharage, sahani 12. Aliandika kwa kukandamiza, akachana ya juu akatukabidhi, akafunua ile bluu na kuisogeza chini ya ukurasa unaofuata.